Trekta Lililotiwa Mashine ya Boti

Trekta dogo haliui kwa mbio. Linaua kwa kuinuka. Magurudumu ya mbele yanaachana na ardhi, dereva anajikuta anatazama mawingu, na kabla hajajua la kufanya limeshamlalia. Niliwahi kuliona moja kwa macho yangu, upande wa mashamba ya katani, limelala chali, na watu wamesimama kando yake bila haraka yoyote kwa sababu hapakuwa tena na mtu wa kukimbiliwa. Tangu siku ile, kila ninapovuta kitu kizito sitazami ninakokwenda. Natazama magurudumu ya mbele.

Kwa hiyo ndugu yangu aliponipigia simu kuniambia amenipatia mashine yenye nguvu karibu mara mbili ya ile yangu, nilifurahi, na papo hapo nikalikumbuka lile lililolala chali.

Trekta ni langu mimi. Mume wangu ana duka la nafaka sokoni Malindi na hajui hata mafuta yanatiliwa wapi. Mimi ndiye ninayelima, kwanza shamba letu la Kakuyuni, kisha mashamba ya majirani, na kazi hiyo ndiyo inayotulisha sisi wote pamoja na hilo duka lenyewe, ingawa mume wangu hapendi nikisema hivyo mbele za watu. Lakini mashine ilikuwa imechoka. Ringi za pistoni zilikwisha, ikawa inakunywa oili kama maji na kutoa moshi wa buluu mpaka kuku wanakimbia. Msimu uliopita, kwenye udongo mzito wa kule bondeni, ilikuwa inakata roho katikati ya tuta. Nikawaacha watu na mashamba nusunusu na mvua imeshapiga. Niliona aibu sana, na aibu kwangu hugeuka hasira upesi. Nikasema msimu huu ama mashine mpya, ama niuze chuma chakavu nikauze samli.

Ndugu yangu ni mmoja tu, kitinda mimba wa nyumba yetu. Anakaa Barani, kule mjini, na mkewe na watoto ambao bado wanalala naye kitanda kimoja, wamemkumbatia huku na huku. Ni fundi wa mashine za boti, tena fundi wa kweli. Tangu ndevu hazijamwota mikono yake imo ndani ya boti za uvuvi, na akiisikia mashine kwa mbali inakuja pwani atakwambia inaumwa wapi. Shamba halijui. Akija kwangu huuliza mahindi yanachukua muda gani, nami nimemjibu swali hilo tangu tukiwa watoto.

Mashine aliyoipata ilitoka kwenye boti ya kupeleka wageni kuvua. Mwenye boti alikuwa ametia nyingine ya kisasa, hii ikawekwa chini ya turubai karakanani. Dizeli, silinda tatu, na yangu ilikuwa na mbili. Nilipofika Barani kuitazama, aliipiga mara moja ikaitika, ikanguruma kwa sauti nene isiyo na kikohozi. Nami nilikuwa nimezoea kikohozi. Nilisimama pale nikacheka peke yangu.

Matata yalianza nilipompelekea trekta, akataka kuiweka.

Trekta dogo halina fremu kama lori. Mashine yenyewe ndiyo uti wa mgongo. Mbele imeshika ekseli, nyuma imeshika giaboksi, ukiitoa trekta linabaki vipande viwili. Ndugu yangu alikuwa amekwisha kukata mipira minene ya kuikalisha mashine juu yake.

"Ya nini hiyo?" nikamuuliza.

"Isitetemeshe mwili, dada. Mashine haikai chuma kwa chuma. Utapasua mbao."

"Mbao ziko wapi hapa?"

Akatazama trekta, akacheka. Akaenda kutafuta fundi wa kuchomelea, wakatengeneza vyuma viwili virefu vya kupita ubavuni, kutoka ekseli ya mbele mpaka giaboksi, ili vibebe uzito ambao mashine ya boti haikuumbwa kuubeba. Kazi ilikuwa safi, sikuweza kuitia kasoro. Kisha ikaja habari ya maji. Boti hunyonya maji ya bahari, ikajipoza, ikayatema, na bahari haiishi. Ilibidi wafunge rejeta ya lori dogo ya kupozea maji, na rejeta hiyo ilikuwa kubwa, ikala nafasi yote ya mbele.

Hapo ndipo alipoving'oa vile vyuma vya uzito. Kila trekta kama langu lina vyuma vizito vilivyotundikwa puani, vimekaa kama meno ya mbele, na kazi yake ni moja tu, kulizuia lisiinuke. Nilifika siku moja nikavikuta vimelala mchangani.

"Virudishe," nikasema.

"Mashine hii ni nzito kuliko ile. Inatosha. Ukiongeza na hivyo, omo itazama."

Omo ni mbele ya chombo. Nilimwambia hili si chombo. Akasema uzito ni uzito, uwe juu ya maji au juu ya mchanga, na chombo kilichoinamia mbele hakina raha kwa nahodha. Alisema kwa upole, kama mtu anayemfundisha mtoto, na upole wake ndio ulionipandisha hasira. Nilimpigia kelele mpaka fundi wa kuchomelea akazima mtambo wake ili asikie vizuri. Mwishowe ndugu yangu akainua mikono. Akasema sawa, atatengeneza kibebeo kipya mbele ya rejeta, avitundike tena, na hakuna kizito kitakachofungwa nyuma ya trekta kabla ya hapo. Aliniahidi hivyo, na mimi nikaamini.

Trekta likaja Kakuyuni likiwa limepakiwa kwenye lori. Siku ya kwanza nililizungusha uani tu. Nilipoachia klachi, pua ilinyanyuka. Haikuzidi kiganja, ikarudi chini, lakini niliisikia kwenye makalio kabla ya kuiona kwa macho. Nikaogopa, nikapunguza mafuta. Ndugu yangu alikuwa amesimama kando, akapiga makofi.

"Omo imepanda!" akapiga ukelele. "Umeona nguvu hiyo?"

Ndipo nikamwelewa, na nikaogopa zaidi. Kwake yeye ile ni furaha. Boti ya mashine ikiondoka huinua omo, na nahodha haachi mafuta, huongeza, mpaka chombo kilale juu ya maji na kuruka. Ukipunguza pale katikati, chombo kinabaki kimekaa matako chini, kinahangaika. Mkono wake ulikuwa umefanya hivyo tangu ujana: omo ikipanda, ongeza.

Nilishuka, nikamkalisha kwenye kiti, nikasimama karibu yake. "Nisikilize," nikasema. "Hapa omo ikipanda, unakufa. Huongezi. Unakanyaga huu, wa kushoto, mpaka chini. Klachi. Ukiukanyaga, magurudumu yanaachana na mashine, pua inarudi."

"Wa kushoto," akasema.

"Rudia."

"Wa kushoto, dada, nshasikia!" Alikuwa akitazama mwendo wa mkanda wa feni. Miguu yake ilikuwa imetandazwa kwenye vibao vya pembeni, pekupeku. Kwenye boti mguu hauna kazi na mashine. Kazi yake ni kumshika mtu asianguke. Niliiona ile miguu ikiwa imekaa tu, haina habari, na sikuipenda.

Wiki ya kulima ikafika. Mvua za mwaka, yaani masika, zilikuwa zimelowesha ardhi vizuri, haijawa tope. Nilianza kwa shamba la jirani, mama mmoja mzee wa Kigiriama tunayemwita hawe, yaani bibi. Hawe ana mdomo. Ndiye niliyemwachia nusu shamba msimu uliopita, na kila tulipokutana kisimani alikuwa akiniuliza kama trekta langu limeshapata dawa. Nilitaka sana aone.

Ndugu yangu alikuja asubuhi hiyo na tuktuk kutoka mjini, aisikilize mashine ikiwa kazini. Nilitazama nyuma ya tuktuk, nikatazama tena.

"Vyuma viko wapi?"

"Kibebeo hakijakauka rangi. Kesho, inshallah."

Rangi! Nilimeza nilichotaka kusema kwa sababu hawe alikuwa amesimama pale. Nikamwambia kwa sauti ya chini, taratibu, ili asiseme baadaye hakusikia: leo ni kulima tu. Plau haivuti sana kwenye udongo huu. Hatuvuti kitu kingine. Akasema sawa.

Na tulilima. Siwezi kuficha furaha yangu. Pale palipokuwa panakata roho mashine ya zamani, hii ilipita bila hata kubadilisha sauti. Udongo uligeuka mweusi nyuma yangu, na nilipomaliza upande wa bondeni niliangalia kule aliko hawe, nikamwona ameshika kiuno, anatikisa kichwa. Macho yangu hata hivyo hayakuacha pua ya trekta. Mara mbili tatu niliiona ikiwa nyepesi, nikapunguza mafuta, ikatulia.

Katikati ya shamba lile kulikuwa na kisiki cha mkorosho. Mti wenyewe ulikatwa zamani, kisiki kikabaki, na kila msimu nilikizunguka na kuacha kichaka cha magugu pale kati. Mashine ya zamani isingeweza kukitikisa. Ningekifunga mnyororo, ingekohoa, ingezima, basi. Sikuwahi kuufikiria udhaifu ule kama ulinzi mpaka siku ile.

Adhuhuri ilipofika nililizima trekta, nikafungua plau nikaiacha chini, nikaenda kuswali barazani kwa hawe. Nilipotoa salamu nilisikia mashine inapigwa.

Hawe alikuwa amemwambia ndugu yangu, kama nilivyokuja kujua, kwamba kama mashine ni ya kweli, kisiki kile ndicho shahidi. Na ndugu yangu alikuwa amesifiwa asubuhi nzima. Nilisimama barazani nikaona mnyororo. Ulitoka kwenye kisiki, ukapanda, ukafungwa juu, kwenye tundu la juu kabisa nyuma ya kiti, usawa wa kiuno cha mtu. Nilijua mara moja kwa nini. Boti ikiivuta nyingine, kamba hufungwa juu, ipite bila kugusa maji wala usukani. Ndivyo wavutavyo. Lakini trekta likivuta kwa juu linajipindua lenyewe, kila nguvu ya mashine inamvuta dereva kinyumenyume. Mnyororo hufungwa chini, chini ya ekseli, hata anayejifunza huambiwa hivyo siku ya kwanza. Sikuwa nimemwambia. Nani angefikiri ingehitajika?

Nilikimbia na leso kichwani, bila viatu. Nilipiga kelele jina lake, nikapiga kelele "Zima!", na ile sauti nene niliyoipenda karakanani ikayala maneno yangu yote. Alikuwa amenipa kisogo nusu, anatazama nyuma kwenye mnyororo. Mnyororo ukakazika. Kisiki hakikutikisika.

Pua ikapanda.

Ilipanda polepole, na hilo ndilo nisilolisahau. Kiganja, kisha goti. Alihisi, akageuka kutazama mbele, na nikauona mkono wake wa kulia ukienda kwenye wenzo wa mafuta. Nilijua unakwenda kufanya nini. Nikauona unasukuma. Mashine ikanguruma, na magurudumu ya mbele yakapanda usawa wa kifua changu, yanazunguka bure hewani, na trekta zima likawa linasimama wima na ndugu yangu akiwa amelala chali kwenye kiti, uso juu. Nilikuwa bado mbali. Nilikuwa na nafasi ya kufikiria kitu kimoja tu, kwamba nitakwenda Barani kuwaambia nini watoto wake.

Halafu likashuka. Lilianguka kwa kishindo kilichonipita miguuni, pua ikazama kwenye udongo niliolima mwenyewe, ringi moja ya gurudumu ikapinda, likadunda, likatulia. Mashine ilikuwa ikinguruma kwa nguvu zake zote, na magurudumu ya nyuma hayazunguki.

Nilifika, nikapitisha mkono mbele yake, nikavuta waya wa kuzimia. Kimya kikaja. Nikampiga begani, nikampiga tena. "Nilikwambia nini? Nilikwambia nini wewe?" Hakujikinga. Alikuwa anatazama mbele, midomo imekauka.

"Nimefanya nini?" akauliza, na aliuliza kwa dhati.

Nikatazama chini. Mguu wake wa kushoto ulikuwa juu ya klachi, umeikanyaga mpaka mwisho, goti limekakamaa. Wa kulia ulikuwa umekanyaga breki. Nilijaribu kuutoa ule wa kushoto kwa mikono yangu nikashindwa. Na hapo nikaelewa, nikakaa kwenye tairi. Hakukumbuka nilichomfundisha. Hakukusudia kukanyaga klachi. Alijizuia tu asianguke, kama anavyojizuia kila siku boti ikiinuka, akatandaza miguu miwili akasukuma chini kwa nguvu, na chini ya mguu mmoja ikawa ipo klachi. Mkono wake ulimpeleka kaburini, miguu ikamrudisha, na yeye mwenyewe hakuwa na habari na lolote kati ya hayo mawili.

Hawe alikuja na maji kwenye kata. Watu wa mashamba ya jirani nao walikuwa wamekusanyika, wanatazama ringi iliyopinda, wanatazama mnyororo. Ndugu yangu aliteremka, akatapika pembeni, akakaa chini.

Sasa nitasema jambo ambalo mume wangu mpaka leo haelewi. Niliondoa mnyororo kule juu, nikaufunga chini, pale panapostahili. Kisha nikapanda kwenye kiti. Nilijua kwamba nikiondoka shambani siku ile bila kulipanda, sitalipanda tena, na trekta hilo ndilo chakula changu. Nilikuwa naogopa na hasira zimenijaa, nikaona afadhali hasira ndiyo ishike usukani. Gurudumu lilikuwa limepinda lakini linazunguka. Nikapiga mashine. Ikaitika mara moja.

Ndugu yangu aliinuka. Hakuja ubavuni kuzungumza. Alikwenda mbele ya trekta, akalilalia pua kwa kifua, mikono miwili akaishika ekseli huku na huku.

"Toka hapo!" nikapiga kelele.

Akatikisa kichwa.

"Nitakukanyaga!"

"Nikanyage." Nilimsikia safari hii, kwa sababu nilikuwa nimepunguza mafuta. "Likipanda, lipande na mimi. Sikuachi, dada. Wallahi sikuachi."

Mwanamume mmoja alijaribu kumvuta, ndugu yangu akamsukuma. Uzito wake yeye ni upuuzi mtupu mbele ya mashine ile. Ingemnyanyua kama kikapu. Yeye fundi alijua hivyo kuliko mtu yeyote pale. Lakini alikuwa amekikumbatia kile chuma, paji la uso limeshika wavu wa rejeta iliyokuwa inachemka, na haliondoi. Nilitazama uso ule nikaona jinsi uso wangu mimi ulivyokuwa nikikimbia kutoka barazani. Hasira ikanitoka yote, sikubakiwa na kitu cha kushikilia.

Nikazima.

Kisiki tulikichimba kwa majembe. Hawe alileta shoka la marehemu mumewe, majirani wakatusaidia kukata mizizi, na hakuna aliyelitaja trekta. Ndugu yangu alichimba upande wake, mimi wangu. Kilipolegea tulikisukuma kwa mabega tukakitoa, kumbe hakikuwa kikubwa sana.

Tuktuk ilikuja kumchukua karibu na alasiri. Alinawa mikono, akaaga watu wote, akaja kwangu mwisho. Juu ya paji lake la uso palikuwa na alama za wavu, nyekundu, ngozi imevimba. Akaushika mkono wangu kama anavyoushika tangu utoto akiniamkia, ila hakuubusu. Aliuweka juu ya pale palipoungua, akaukandamiza, akafumba macho.

"Shikamoo, dada," akasema, kana kwamba ndiyo kwanza anafika.

"Marahaba," nikasema, na sikuutoa mkono.